Hukukosea Kusoma

Mwanangu Faida,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unatoka na mdogo wako kwenda kuwaaga rafiki zako, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nimekaa mezani jikoni, jua bado kali nje, na mama yenu yuko kazini mpaka jioni. Mambo ya mafuta ya gari, ya kufunga milango, ya kula vizuri, mama amekwisha kukuambia na atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka kumi na moja, na Jumapili iliyopita ulinionyesha kwamba nililificha ndani yako.

Unakumbuka mchungaji alivyokuita mbele ili kanisa likuombee kabla ya safari. Ulishika maikrofoni, ukasema unakwenda Houston, kwamba umepata kazi kwenye kliniki kule Stafford, ya kuwasaidia watu kujaza fomu za Medicaid, ile bima ya matibabu ya serikali, na za msaada wa chakula. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa nimenyoosha mgongo kama mzee mwenye mtoto. Halafu ukaendelea. Ukasema: "Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilisoma barua ya serikali vibaya, na mdogo wangu karibu afe. Mungu alimponya. Ndiyo maana nimechagua kazi hii, ili mtoto mwingine asikosee kama mimi."

Kanisa zima likasema amina.  Masikio yangu yalilia kama mtu aliyepigwa kofi. Mzee mmoja pembeni yangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia joto. Nikatoka nje, nikasimama kwenye parking kati ya magari. Sikujua, Faida. Nakuapia sikujua kwamba bado umebeba lile jambo. Nilidhani ulishasahau. Watoto wanasahau, ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu ilinifaa mimi.

Sasa nisikilize. Hukukosea kusoma.

Nitakueleza kila kitu kilivyokuwa, maana wewe unajua nusu, mama yako alijua nusu, na mwenye habari kamili ni mimi peke yangu.

Tulikuwa na mwaka wa pili hapa Euless. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mama yenu ndiyo kwanza ameanza kuwahudumia wazee. Zawadi alikuwa na miaka mitano na pumu yake mliyoizoea, ile dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Na Bahati, binamu yangu, alikuwa analala kwenye kochi letu. Kwenye mkataba wa apartment jina lake halikuwepo. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kuku na alikuwa anapata mshahara mzuri kuliko mimi. Sikuweza kumwambia atoke. Siku tuliyokimbia nyumbani, mimi nilimbeba bibi yako mgongoni, na aliyekubeba wewe siku mbili porini, ukiwa mtoto wa miezi, ni Bahati.

Ikaja barua. Bahasha nene, Kiingereza na Kihispania. Nikakuita. Ulikuwa umetoka shule, ulikaa kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, ukaisoma polepole ukiweka kidole chini ya kila mstari. Nakumbuka maneno yako yote. Ulisema: "Papa, it's a renewal. Wanataka kuangalia tena kama Zawadi bado anapaswa kupata Medicaid. Hawajaikata. Tuna-check kama kila kitu ni kweli, una-sign hapa, tunairudisha kabla ya hii tarehe. Wanauliza pia who is in the household."

Nikakuuliza, "Household ni nini?"

Ukasema, "Ni kama nyumba. Watu wa nyumbani." Kisha ukafikiri kidogo, ukaongeza: "Lakini hapa wameandika maelezo marefu, Papa. Nadhani si kila mtu anayelala ndani. Tumuulize mtu."

Mtoto wa miaka kumi na miwili! Ulisema tumuulize mtu. Nikakujibu, "Sawa, nimeelewa," nikakunja ile barua, nikakuambia nenda ukacheze.

Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimesikia "watu wa nyumbani" na pale pale nikamwona Bahati kwenye kochi. Chini ya sehemu ya kuweka sahihi ulikuwa umenisomea kwamba mtu akisema uongo kwenye fomu ni kosa la sheria. Nikaanza kupiga hesabu ya mwoga. Nikimwandika Bahati, watahesabu mshahara wake, watasema tumetajirika, watakata dawa ya Zawadi. Nisipomwandika, nimeidanganya serikali, watanifunga, labda watatufukuza wote. Na wenye apartment wakijua? Unazijua habari za babu yako, aliyenizaa mimi. Alitia kidole cha wino kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya mbegu, na msimu uliofuata shamba lilikuwa la mtu mwingine. Mimi karatasi naiogopa kuliko mtu mwenye panga. Mwenye panga unamwona anakuja.

Kwa hiyo sikujaza, wala sikumuuliza mtu. Nilikwenda nayo kazini ndani ya shati na nikaitupa kwenye ile mashine ya kubana maboksi. Nikaiangalia mpaka imebanwa.

Ulipouliza kama nimeituma, nilikuambia ndiyo.

Baada ya wiki kadhaa ikaja nyingine, nyembamba. Hiyo sikukupa. Niliona neno limeandikwa kwa herufi nene, "denied", nikamwonyesha jamaa mmoja kazini, Mkenya, akasema, "Hiyo ni wamekataa, boss." Wamekataa. Faida, wewe ulikuwa mdogo kwenye kambi ya wakimbizi, hukuona watu waliokataliwa walivyokuwa. Mtu akiitwa kwenye mahojiano ya safari ya kuja huku, akarudi na karatasi imeandikwa amekataliwa, alikuwa anakaa chini mlangoni kwake, na majirani wanapita kimya kama kwenye msiba. Hakukuwa na mlango mwingine. Kuuliza kwa nini kulikuwa kunakuongezea matatizo. Kwa hiyo nilipoambiwa neno hilo nilijua limekwisha, wamemkataa mtoto wangu, na ni mimi niliyesababisha. Jamaa akageuza ukurasa wa pili, akasema, "Lakini hapa wanasema unaweza ku-appeal." Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni kama kupeleka kesi. Nikaogopa zaidi. Mimi nani nipeleke serikali ya Texas mahakamani? Nikaikunja ndogo kabisa, nayo ikaenda kwenye maboksi.

Dawa ikaisha. Nilikwenda famasi peke yangu. Msichana wa dirishani akatazama kompyuta, akasema bima ya mtoto "is not active". Nikasimama pale mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nyumbani nikasema famasi imeishiwa, turudi wiki ijayo. Mama yako akauliza famasi kubwa namna ile inaishiwaje. Nikamwambia hata mimi nimeshangaa. Kile kichupa cha zamani kilikuwa na kidogo kimebaki, nikawa nampa Zawadi mara moja kwa siku, halafu siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nilikuwa namsikiliza kifua kwa sikio langu na kujiambia yuko sawa.

Ile Jumamosi unaijua. Mchana, mama yako kazini, mimi nalala baada ya zamu, ninyi mnaangalia televisheni. Ulikuja kuniamsha. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Papa, Zawadi anafanya sauti." Nilipofika midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya bilinganya na ngozi inaingia katikati ya mbavu. Mimi, baba, mwanaume mzima niliyevuka vita, nilisimama mikono hewani. Wewe ndiye uliyeshika simu. Wewe ndiye uliyesema namba ya apartment, ukasema ana miaka mitano, ukasema ana pumu, ukaniambia nimketishe asilale. Wale watu wa ambulensi walikuja haraka. Mpaka leo nikisikia king'ora naona midomo ile.

Hospitalini, Zawadi alipokuwa ameshawekewa hewa na macho yamefunguka, alikuja mwanamke wa kuandikisha wagonjwa. Mama yako alikuwa amefika, bado amevaa nguo za kazi. Yule mwanamke akasema kwa Kiingereza kwamba Medicaid ya mtoto ilifungwa, fomu ya kuongeza muda haikurudi. Wewe ukatutafsiria. Mama yako akageuka, akauliza, "Barua gani? Nani aliona barua?"

Hapa ndipo nilipokuua, mwanangu.

Nilisema, "Kuna moja Faida aliisoma. Sijui ilisemaje."

Ulinitazama. Nilidhani utasema, Papa, si ulisema umeituma. Ulikuwa na haki hiyo. Lakini ulimtazama Zawadi kitandani na ile mipira puani, macho yakakujaa, ukasema kwa sauti ndogo, "Maybe I read it wrong, Papa?"

Na mimi nikasema, "Labda."

Neno moja. Mama yako akakukumbatia, akasema si kosa lako, wewe mtoto, ni sisi tulikubebesha mzigo. Wote wawili mkalia. Mimi nikatazama sakafu. Nilisema moyoni nitasahihisha kesho, Zawadi akitoka hospitali. Akatoka. Nikasema nitasahihisha Krismasi. Uongo mdogo ukikaa ndani ya nyumba, Faida, unazoeleka kama kiti. Watu wanaupita bila kuugonga.

Aliyetuokoa ni dada Wambui, huyu huyu utakayelala kwake Pearland. Wakati ule alikuwa nesi kwenye wodi ile, bado hajahamia upande wa Houston. Alisikia tunaongea akaja. "Kumbe nyinyi ni watu wa Kiswahili! Mzee, Medicaid ya mtoto imezimwa ikiwa pending, bado wanangoja, ama imekuwa denied?" Nikamwambia wamemkataa mtoto. Akashangaa. "Nani amemkataa? Hapana bwana. Mtoto hajakataliwa. Walingoja karatasi, karatasi haikuja, wakafunga faili. Hiyo inafunguliwa."

Nikamuuliza, bila kesi? Akacheka, si kwa dharau. Akasema hata hiyo "appeal" si kesi ya polisi, ni kuomba mtu mwingine akae aangalie upya uamuzi, na mtu hafungwi kwa kuomba.  Akavuta kiti, akatoa kalamu, akaanza kuuliza maswali ya fomu. Alipofika pale pa household, nikanyamaza. Akauliza tena. Mama yako ndiye aliyesema: "Yuko pia shemeji yangu Bahati, analala sebuleni."

Wambui akauliza, "Huyo Bahati ni mtu mzima, anafanya kazi yake? Mkifanya taxes mnamweka kama mtu mnayemlea?"

"Hapana."

"Basi kwa Medicaid ya mtoto hahesabiwi. Na ile ya chakula, ananunua na kupika pamoja nanyi?"

"Anajipikia. Sombe yangu, majani ya muhogo, anasema haina mafuta."

"Basi hata huko anaweza kuwa household yake mwenyewe. Household si nyumba, mama. Si kuta. Kila programu ina yake."

Akaendelea kuandika kama mtu aliyesema jambo la kawaida. Mimi nilishika ukingo wa kitanda cha Zawadi. Bahati hakuwa anahesabiwa. Yale yote, maboksi, famasi, midomo ya mtoto, niliyafanya kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo. Na wewe, kwenye kiti hiki, ulikuwa umeniambia: nadhani si kila mtu anayelala ndani, tumuulize mtu. Nilikutazama. Ulikuwa unamsikiliza Wambui kwa makini, unaandika kwenye kiganja chako maneno yake, household, renewal, pending. Nilijua kwa nini unaandika. Nikakuacha uandike.

Faili likafunguliwa, dawa ikarudi, Zawadi leo anakimbia mbio za shule na kututukana kwa Kiingereza. Kila mtu akasema Mungu ni mwema. Na ni mwema. Lakini wewe ndiye uliyeendelea kulipa bila kosa.

Jumatatu nilimwambia mama yako. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Nilisema yote nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza. Hakunipigia kelele. Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Miaka kumi na moja?" Nikasema ndiyo.  Kisha akasema, "Ulikuwa unamwona anasoma kila barua mara tatu. Anaisoma, anarudi mwanzo, anaisoma tena. Anaumwa tumbo siku ya posta. Nikakuuliza mtoto ana nini, ukaniambia ana bidii."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo. Hiyo ilinishtua karibu sawa na yale ya kanisani.

Akavaa kile kiatu tena, akatoka kutembea. Aliporudi alisema, "Mwambie kabla hajaondoka. Na usinitume mimi." Nimejaribu mara tatu wiki hii. Jumanne ulikuwa unapanga nguo, nikaja mlangoni, ukaniambia, "Papa, uko okay?" nikasema nimekuja kuangalia taa. Unajua mdomo wangu. Kwa hiyo naandika, na naandika kwa Kiswahili, kwa sababu ulikisoma darasani kambini kabla ya Kiingereza na kwa sababu katika lugha hii sina mahali pa kujificha.

Sitaki uache kazi hii. Kama uliichagua kwa ajili ya kosa, sasa hakuna kosa. Ichague tena au usiichague, ukiwa huna deni la mtu. Mimi sina la kukufundisha juu ya fomu. Maneno yote yale sasa unayajua kuliko mimi. Ila najua mtu mmoja utakayekutana naye pale Stafford, kwa sababu ni mimi. Atakuja amevaa sare ya kazi, atakusikiliza akitikisa kichwa, utakapomaliza atasema haraka, "Sawa, nimeelewa." Usimwamini. Mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, ulichomwambia. Muulize anaogopa nini. Mimi sikuulizwa swali hilo hata siku moja, na sidhani ningelijibu mara ya kwanza, lakini mara ya pili labda ningejibu. Na ukimwona amekuja na mtoto wa kumtafsiria, mtoto mwenye kidole chini ya mstari, mpe huyo mtoto kitu cha kuchora na umtafutie baba mtu mzima wa kumsomea.

Bahati nilimpigia simu jana huko aliko. Naye hakuwa anajua. Alilia, kisha akanikaripia kwa dakika nyingi, akasema angelala ndani ya gari kwa furaha kama ningemwambia. Zawadi sijamwambia. Hilo si langu kuamua peke yangu. Ni lako kwanza. Jumapili ijayo nimemwomba mchungaji dakika tano. Nitasimama pale uliposimama na kuwaambia wale waliosema amina kwamba walidanganywa, na aliyewadanganya si wewe.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi hii, kwa sababu mtu akiombwa hivyo mkesha wa safari atasema ndiyo ili apate usingizi. Chukua muda wako. Chukua miaka kama ni lazima. Unaweza kukaa Houston usipokee simu yangu, mama atakuwa ananipa habari zako na nitaridhika.

Barua hii sitaiweka kwenye begi lako uikute njiani, ukiwa peke yako kwenye barabara kuu. Ukirudi jioni nitakupa mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Utakavyonitazama ndivyo nitakavyotazamwa, sitaangalia chini. Na kesho asubuhi, ukinisemesha au usiponisemesha, masanduku yako nitayabeba mimi mpaka garini.

Baba yako